Santuri ya Torkel Isiyo na Kichwa Wala Miguu

Luleå, Ijumaa, 9 Machi 2001

Dada yangu mpendwa Ragnhild,

Salamu zikufikie huko Malmö, wewe, shemeji Henning na watoto. Natumaini barua hii itawakuta kama inavyoniacha mimi: mzima, mnene, na bado mzuri wa sura kuliko wanaume wote wa mkoa huu. Mgongo wako vipi? Umeacha kuwainua wagonjwa peke yako kama nilivyokukanya? Mama hajambo. Goti linamsumbua baridi ikizidi, lakini juzi kamfokea mtu wa kuondoa theluji mpaka yule bwana akaomba radhi kwa theluji ambayo wala haikuwa ya zamu yake. Basi ujue ni mzima.

Kibanda changu cha soseji kinakwenda vizuri sana. Mimi nimepika melini, nimekula Gdynia, Rotterdam na Hull, na sijaona soseji ya kuifikia yangu. Lakini hukuniandikia kuuliza soseji. Umeuliza mawili: kwa nini mimi na Torkel hatukai meza moja Krismasi, na kama ile santuri yake ni nzuri, maana binti yako ameisikia kwa rafiki yake huko na anasema vijana wote wanaizungumzia. Nitakujibu yote, na nitakwambia na la tatu ambalo hukuuliza, kwa sababu nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa Mama. Nimemkosea mdogo wetu. Ila nianze na santuri, kwa kuwa hilo ni rahisi. Ni mbaya.

Wewe uliondoka zamani, hukuuona muziki wetu mkali wa panki ulivyokuwa. Wacha fundi akueleze. Wimbo ni dakika moja na nusu. Dramu zinakimbia kama zimeiba, gitaa linanguruma, mwimbaji anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Kwisha, jasho, twende nyumbani. Kitu safi! Katika kundi letu la Blindskär nilipiga dramu miaka minne, na kutoka Kiruna mpaka Gävle hakukuwa na wa kunishika. Waulize.

Torkel, mpiga gitaa wetu, akaja na ubongo wake. Kasoma vitabu viwili vya maktaba, akaona dakika moja na nusu haimtoshi. Akaleta msichana wa chuo cha muziki na selo lake, lile fidla kubwa ambalo mtu analibana kwa magoti kama anakamua ng'ombe. Akaleta kinanda cha kanisa. Wimbo wa tatu una dakika kumi na moja, na ndani ya hizo kumi na moja hakuna anayepiga kelele hata mara moja. Mtu ananong'ona tu kama yuko kwa daktari wa meno. Na wimbo wa sita, dada, shika kiti: ni Mama. Mama anapiga mazulia uani kuyatoa vumbi, kwenye ile fremu ya kuanikia, na Torkel anamrekodi kutoka dirishani bila kumwambia. Pa. Pa. Kimya. Pa. Dakika nne nzima! Kisha magitaa yote yanaingia pamoja kama ukuta umeanguka. Mama aliposikilizishwa aliuliza kama hiyo ndiyo kazi ambayo Torkel alikuwa akijifungia chumbani kuifanya. Na jina la albamu yenyewe, *Tutakaponyamaza Ndipo Mtakapotusikia*, ni refu kuliko nyimbo zetu za zamani.

Sasa la meza. Unawajua watu wetu: hata wakitaka kupindua serikali, kwanza wataandika ajenda. Wale vijana walioimba dhidi ya kila sheria duniani walikuwa na mwenyekiti, katibu na orodha ya wasemaji. Nyama hawali, maziwa hawanywi, hata asali hawaigusi, eti nyuki naye ni mfanyakazi anayenyonywa. Mimi niliheshimu hayo yote ndani ya gari lao. Lakini siku moja, tunatoka kupiga Sundsvall, nimetokwa jasho ndoo mbili, tukasimama kwenye kituo cha mafuta, nikanunua soseji. Moja. Na haradali. Mashabiki wetu watatu waliokuwa wakijaza mafuta wakanikuta mdomo umejaa.

Jumapili yake, mkutano. Nilikuwa hoja ya nne, baada ya bei ya nyuzi za gitaa na kabla ya mengineyo. Mwenyekiti ni Torkel. Mdogo wangu mwenyewe, niliyemshikia baiskeli mpaka akajua kuiendesha, ananiambia, “Sixten, tumeona umeomba kusema, ila uko wa tatu kwenye orodha.” Nikakaa nikisubiri zamu ya kujitetea! Katibu wao, Ebbe, akaniuliza kama ningependa liandikwe neno “soseji” au neno “tukio”. Nikamwambia, “Andika soseji, mbu we, na usisahau haradali.” Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Torkel alinyoosha wa kwake mwisho kabisa. Lakini alinyoosha.

Hivyo ndivyo nilivyotolewa, na wao wakaenda studio kurekodi upuuzi wao na mpiga dramu mwingine. Ila wajuaji wale, mkutano wa saa mbili na kumbukumbu za kurasa tano, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba sanduku la posta la kundi lilikuwa kwa jina langu tangu kaseti ya kwanza. Na anwani hiyo hiyo ndiyo iliyochapwa nyuma ya jalada la santuri.

Santuri ikatoka, kwetu hapa ikatemwa. Kwenye onyesho la kwanza, selo lilipoanza kulia watu wakakaa chini sakafuni wakapiga soga. Mmoja akapaza sauti, “Torkel, nirudishie nauli yangu!” Ukumbi mzima ukacheka. Huyo mmoja ni mimi. Baada ya miezi mitatu kundi likavunjika. Torkel akauza gitaa, akaanza kuendesha basi namba tano, na tangu hapo hapigi hata mluzi. Aliamini kazi ile imezikwa na kusahauliwa, na kwamba amepoteza kundi na kaka kwa ajili ya takataka.

Sasa kaa vizuri, dada, nikuungamie.

Barua zilianza kuja. Ya kwanza ilitoka Porto, halafu Osaka, halafu Belo Horizonte, mpaka ikawa posta wananifungia kwa kamba. Watu walikuwa wakirekodiana kaseti, kaseti kwa kaseti, na wameunda makundi yao kwa sababu ya santuri ile. Wanasema hawakujua kwamba panki inaruhusiwa kunyamaza. Barua zote ameandikiwa Torkel, na mimi sikumpa hata moja. Nilizisomea kibandani nikicheka. Nilijisemea, naye akae asijue, kama mimi nilivyokaa wa tatu kwenye orodha. Hiyo ni roho mbaya, Ragnhild, sina jina jingine la kuipa.

Kisha nikafanya baya zaidi. Nikaanza kuzijibu, kwa jina lake. Mia mbili na kumi na mbili mpaka leo, kwa Kiingereza changu cha melini, na nakala ya kila moja nimeiweka. Mwanzoni ilikuwa mzaha. Lakini mtu akikuuliza mbona selo linapotea dakika ya nane, huwezi kumjibu “kwa sababu ni takataka” na hali wewe ndiye mtunzi. Ikabidi nisikilize. Nikasikiliza kwa dharau, kalamu mkononi, jioni baada ya jioni.

Halafu ikaja ya Bożena, mwalimu wa watoto viziwi huko Łódź, Poland. Aliandika kwamba anailaza spika kifudifudi juu ya sakafu ya mbao, watoto wanavua viatu, na wimbo wanaoutaka kila Ijumaa ni wa sita. Nilicheka mpaka nikamwaga haradali: hatimaye Torkel kapata wasikilizaji wanaomfaa! Nikageuza ukurasa. Alikuwa anauliza ile ni ngoma gani, maana watoto wanasema anayeipiga amekasirika sana, lakini si wao aliowakasirikia.

Nilifunga kibanda saa saba mchana. Nikaenda nyumbani, nikailaza spika, nikavua viatu, mtu mzima na kitambi changu. Nikauweka wimbo wa sita. Dada, wimbo ule ni kiangazi kile Baba alipotuhama akaenda Finland na yule mwanamke wa bima. Unakumbuka Mama alivyoshinda uani akipiga mazulia ambayo hata hayakuwa machafu? Wewe ulipiga simu ukaongea habari za hali ya hewa. Mimi niliongeza sauti ya redio. Sote tulijifanya hatusikii. Torkel peke yake ndiye aliyefungua dirisha.

Nilimjibu Bożena kurasa sita, na hapo sikuweka mzaha. Naye akaamua kuja. Kesho anashuka hapa kwa treni na wanafunzi wake wawili wakubwa, kumwona Torkel aliyemwandikia barua ile, na kama Mama atakubali, kumwona mpiga ngoma.

Basi jana nilibeba boksi la barua, nikapanda namba tano mpaka mwisho wa njia, abiria wote waliposhuka nikamwambia Torkel kila kitu. Nilitegemea ngumi. Hakuinuka. Alisoma barua ya Bożena ameiegemeza kwenye usukani, akaisoma tena, mpaka basi likachelewa dakika sita, na unajua hapa kwetu dakika sita ni nini. Kisha akasema, “Shuka.” Nikamwambia nje ni baridi ya kumi na nane chini ya sifuri. Akasema, “Shuka, Sixten. Boksi liache.” Nikarudi kwa miguu.

Saa moja jioni simu ikalia. Hakunisalimu. Akauliza treni inafika saa ngapi. Nikamwambia saa tano na robo asubuhi. Halafu akasema majibu yangu yote kuhusu wimbo wa tatu ni upumbavu mtupu, kwamba yule wa Osaka lazima aandikiwe upya, na kwamba atahitaji stempu. Akakata.

Sijui kama hiyo ni kusamehewa. Sitamwuliza. Stempu nimenunua.

Nisalimie shemeji na watoto, na umwambie binti yako kwamba mjomba wake bado anasema dakika kumi na moja ni nyingi mno, ila asiruke hata moja. Mama anakusalimu, na anauliza wageni wa Poland wanakula nini.

Nimezoea kutia saini ya mwingine hata hapa chini nilishaanza na herufi T. Utaona nilivyoikata.

Ni mimi kaka yako,
Sixten