Ngoma ya Ng'ambo ya Kilima

Mjukuu wangu Limbu,

Marahaba. Huku Kagongwa mama yako anapalilia pamba. Mimi tu situlii. Simu ikilia nadhani ni ya huko kwako Geita, yenye habari mbaya.

Unauliza kama wenzako wa kundi la simu, usiowajua hata sura, wanaweza kukusaidia kuacha pombe. Ujanani tulilima kwa ngoma. Ng'ambo ya kilima walilima wengine ambao hatukuwahi kuwaona. Mikono ikichoka, tulifuata mapigo ya ngoma yao. Siku moja ikanyamaza. Mpigaji wetu alipiga yake kwa nguvu mpaka wakaitikia.

Unasema juzi umekunywa tena, na sasa unaona haya kuwaandikia. Waandikie leo, baba. Kimya chako wameshakisikia.

Bibi yako