Samaki wa Kukaa Chini

Mama Anna, mke wangu,

Kamwene. Naandika mwenyewe, mwandiko wangu unaujua. Kuna kijana anamtaka Anna. Wewe umeshakufa, na mimi sina mtu wa kumuuliza. Mshenga wake anakuja Jumapili. Kijana simwamini.

Anaitwa Tito. Ni utingo wa lori linalobeba magome ya miti ya miwati kutoka hapa shambani Njombe kwenda Makambako. Anacheka sana. Hata akilowa mvua anacheka. Mtu wa namna hiyo anaficha nini?

Mambo yalianza kwa memsahibu, mke wa mwenye shamba. Ana sanduku la kioo, dogo, lina maji na visamaki vinavyoogelea juu. Chakula kinachozama kinaoza, maji yananuka. Akaniita nikiwa nabandua magome.

"Mkeo alikuwa mtu wa ziwani. Nitafutie samaki wa kukaa chini, wa kula makombo."

Tito akasikia. "Baba, niachie mimi. Nitakuletea kutoka Manda, kwao mama."

Hajawahi kukuona, anakuita mama.

Akaja na debe. Ndani kambale, urefu wa kiganja, masharubu yametoka. "Huyu wa Manda, baba. Hakui zaidi ya hapo."

Nikachungulia. Maji yana tope jekundu. Nilipokuja kwenu kujitambulisha nilikanyaga ule mchanga wa ziwani, mweupe, na wewe ukinicheka nilivyokimbia mawimbi. Tope jekundu Manda limetoka wapi?

"Lori lilifika Manda?"

"Lilifika, baba."

Nikalipokea debe.

Nikakumbuka tulivyokuwa tunalima Kichiwa. Jioni unaingia mtoni, unageuza mawe, mimi nimekaa ukingoni nakuuliza. "Mtazame mdomo," ulisema. "Mdomo mpana wa mbele, huyo atakula wenzake. Mdomo mdogo ulioelekea chini, huyo anaokota makombo." Na yule anayeng'ang'ania jiwe kwenye maji ya mbio ulinikataza nisimguse, maji yaliyotulia yatamuua. Nikauliza tena, umejuaje? Ukasema, "Wewe Mbena unamshuku hata samaki." Halafu ukarudisha mawe. Kila jiwe ulilirudisha. Nyumba ya mtu, ulisema.

Basi yule kambale nikamtia kwenye pipa nyuma ya nyumba, na visamaki vya mfereji pamoja naye. Sikumwambia mtu. Baada ya siku chache kambale yuko peke yake, tumbo limejaa. Nikamwita Tito.

"Wenzake wako wapi?"

Akachungulia. Siku hiyo hakucheka.

"Nilimtoa bwawani Makambako, baba. Manda sijawahi kufika. Niliona nikisema samaki siwezi kuleta, utasema na Anna siwezi kumtunza."

Anna alikuwa mlangoni. "Baba, unavyomwangalia mtu, nani angekwambia ukweli?"

"Wewe songa ugali."

Juzi nikampeleka Tito Kichiwa, mtoni kule kule. Nikakaa ukingoni. Akakunja suruali, akapita maji ya mbio, akaenda penye mchanga, maji yanapotulia, akageuza mawe. Kila anayemshika anamgeuza, anamtazama mdomo. Wakubwa akawaachia. Akachagua wadogo wa rangi ya udongo, mdomo chini, wachache, maana mmoja peke yake anajificha tu wala hali.

"Nani kakufundisha?"

"Anna. Kasema alifundishwa na mama yake."

Kumbe. Amefundishwa ili anipendeze. Nikamshuku zaidi. Nikabeba debe, nikamwambia natangulia. Nikasimama nyuma ya matete.

Hakuniona. Angeweza kutoka akaja zake. Akainama, akarudisha mawe. Moja moja, upande uliokuwa chini ukalala chini tena. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Samaki wako kwa memsahibu. Tuliwawekea mchanga wa mtoni, kokoto zingewakata masharubu, na jiwe la kujificha. Wanakula. Memsahibu alisema, "Vizuri," akarudi ndani.

Nyumba imekuwa kimya, Mama Anna. Anna akiondoka nitakuwa nasikia moto tu. Labda na hilo linanifanya nimtazame vibaya kijana wa watu. Sijui. Wewe ungejua.

Mshenga akija nitamwambia aketi. Nitakubali. Lakini lori likipita nitachungulia limebeba nini, hilo usinikataze.

Kambale bado yuko pipani. Tito nimemwambia amtumbue mwenyewe Jumapili, Anna ampike. Ni mdogo, hatoshi watu. Kipande cha kwanza nitampa Tito, mbele ya mshenga, nimwone anavyommeza huyo samaki wake wa Manda.

Lala, mke wangu. Nikikosea kwa Anna, unijie ndotoni unigombeze.

Mimi mumeo,
Baba Anna