Shemeji Alipokuja Stoo ya Vielelezo

Dada yangu mpenzi,

Natumaini wewe na wanao mko salama. Mguu wa mama umepona. Jana alimfukuza jogoo wa jirani hadi barabarani, tukacheka mpaka mbavu zikatuuma.

Kazini ndiko nisikocheka. Unajua mimi ndiye ninayetunza vielelezo vya polisi, na kesi ya yule tajiri aliyekuwa akiuza wasichana imejaza rafu zangu. Jumatatu mumeo alikuja. Aliomba simu ya tajiri, akae nayo kidogo tu, bila kusaini.

"Shemeji," nikamwambia, "mfuko huu wenye simu ukifunguliwa kienyeji, mawakili watasema tumeichezea, na wasichana wale hakuna atakayewaamini."

"Kidole kimoja hakivunji chawa. Nisaidie."

Nilipokataa tena, aliinama karibu na sikio langu. "Picha zangu zimo humo," akasema.

Nilimpa kiti, nikamletea maji. Kisha nikampigia simu mkuu wangu.

Najua mumeo alikuaga kwamba anasafiri kikazi. Hakusafiri, dada. Yuko mahabusu, nami nitaitwa kutoa ushahidi. Nimeona heri uyasikie kwangu kuliko mitaani.

Ukinichukia, sitakulaumu. Lakini nimewaona wasichana wale wakija kutoa maelezo, na mmoja wao ni rika la binti yako.

Chumba chako hapa kwa mama nimekifagia. Njoo na watoto, hata kama hutaki kusema nami.

Mdogo wako, bado ni mdogo wako.