Karatasi ya Sabuni Ndani ya Kamusi

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeandika vitenzi kumi vya Kihispania nyuma ya karatasi za mapokezi, kati ya mgeni na mgeni. Nimeshika vinne. Kamusi ya darasa ni moja tu, Kihispania kwa Kiingereza, na wanafunzi, sote wafanyakazi wa hoteli, tuko sita. Anayeichukua anasaini daftari la Sista Inés, mwalimu wetu, akirudisha anasaini tena. Wageni Wahispania wanafika hotelini mwezi ujao. Bosi atachagua mfanyakazi mmoja wa kukaa nao. Nataka niwe mimi.

Jumanne, 4 Machi
Mama Nyangeta wa kufulia kaniachia kamusi mapokezi. Kafiwa na kaka yake Musoma, alikuwa anawahi basi stendi ya Buzuruga. Leo hata darasani hakuja. Aliniomba nimsainie kwamba ameirudisha. Sikusaini. Nilisahau, basi.

Ndani kuna karatasi ya mche wa sabuni, imejaa mwandiko wake wa penseli. Sabuni, jabón. Sukari, azúcar. Limau, limón. Meza, mesa. Bendera, bandera. Fulani, fulano. Upande wa pili pia umejaa. Miezi yote hii mimi natoka Kihispania naenda Kiingereza ndipo nirudi Kiswahili, kama mtu anayetoka Ilemela kwenda mjini kwa kuzungukia Mkolani. Yeye, aliyeishia darasa la saba, kaona maneno yenyewe ni ndugu.

Nimemwonea wivu. Mama wa watu yuko msibani.

Ijumaa, 7 Machi
Sista kauliza tunakumbukaje maneno. Nikajisikia nasema: sabuni, sukari, fulani. Wote wakageuka. Sista akapiga makofi, akasema nina jicho la lugha. Ningeweza kumtaja Mama pale pale. Nikasema asante.

Kamusi sikuipeleka. Mama ameandika maneno yake hata pembezoni mwa kurasa, Sista angeyaona. Nilijaribu kufuta kwa raba, ukurasa ukaanza kuchanika. Iko kabatini, chini ya vitenge.

Jumanne, 11 Machi
Mama Nyangeta karudi, amenyoa kichwa. Sista kafungua daftari, jina la mwisho ni lake. Akamuuliza kamusi iko wapi.

Mama akaniangalia. Hakuwa na hasira.

"Nitaitafuta, Sista."

Nikainamia daftari langu. Sista kasema asiyetunza kitu cha wote akae nje mpaka kipatikane. Mama alikunja kanga yake, akatoka.

Jumatano, 12 Machi
Bosi kanitangaza. Mimi ndiye wa Wahispania. Wenzangu wamenipongeza jikoni, nikacheka nao.

Mama alikuwa uani anaanika mashuka. Shikamoo yangu haikusikika vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Ameniuliza kama nimekula! Miaka minane yuko kwenye lile karo la kufulia, vidole vimebabuka kwa dawa ya madoa. Hii kazi ndiyo ingemtoa pale. Aliwahi kuniambia mwenyewe.

Mimi ni mwizi. Sina neno jingine.

Alhamisi, 13 Machi
Mvua. Sikwenda kazini, nimesema naumwa. Siumwi.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeiweka kamusi mezani kwa Sista, mbele ya wote. Nimesema aliniachia mimi, nimesema niliificha, nimesema maneno yale ni yake. Hakuna aliyenitazama. Sista kamtuma mmoja akamfuate Mama.

Kisha kwa bosi. Kanisikiliza akiwa amesimama. Mama Nyangeta anahamia kwa Wahispania. Mimi nitashika karo lake kuanzia Jumatatu, yeye apate kujiandaa, mpaka wageni waondoke. Haki kabisa. Nililia chooni hata hivyo.

Jumatatu, 17 Machi
Mashuka kumi na manne. Mgongo.

Jumanne, 18 Machi
Zamu yangu ya kamusi. Mama kasaini kurudisha, herufi kubwa kubwa, kisha akanisogezea daftari. Akasimama pale mpaka nilipomaliza kusaini na mimi. Nikasema asante, Mama. Akaitikia vizuri tu, akaenda zake.

Nimeifungua nyumbani. Alama za pembezoni zipo, pamoja na pale nilipochubua na raba. Nimepekua kuanzia mwanzo mpaka mwisho, halafu tena. Karatasi ya sabuni hakuiacha humo.

Nimewasha taa, nimeanza na herufi A, natafuta maneno ndugu mwenyewe.