Pikipiki ya Rangi ya Bungo

Jumanne, 8 Oktoba 1963

Msasa tena. Madigadi ya nyuma nimemaliza, ya mbele bado. Ncha za vidole zimekuwa laini mpaka glasi ya chai inaniteleza. Kutu hii ni ya Mwakirunge. Pikipiki hii ilikaa huko kwenye banda la machimbo ya mawe miaka mingi, kuku wakitagia chini ya injini. Nimekuta hata yai moja, limekauka.

Mwezi mzima sasa tangu nitoke karakana ya reli. Miaka kumi na moja nilitengeneza vitu visivyokuwa vyangu. Msimamizi ananishikia nafasi mpaka mwisho wa Novemba. Alisema, ukishamaliza kuota, rudi. Hakusema kwa ubaya. Nilikasirika hata hivyo.

Nina mteja mmoja, na ndiye wa kwanza. Mwalimu Shee, mtu wa Mji wa Kale, amestaafu, anakaa kwa dadake huku Changamwe. Alikuja kwa miguu mpaka uani kwa mama akasema anataka pikipiki kama aliyokuwa nayo kabla ya vita. Ya kuundwa, si ya dukani. Nikiiunda akaridhika, mimi ni fundi. Asiporidhika narudi reli, na najijua: nikirudi sitoki tena.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mwalimu alikuja baada ya alasiri. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaitazama fremu tupu. Halafu akatoa kitambaa mfukoni, kimekunjwa ndani ya bahasha. Kipande cha leso ya kujifunga, upana wa kiganja.

Ni ya marehemu mkewe. Enzi zile alikuwa akipanda nyuma, kaketi upande, leso ameikunja akaikalia. Alipofariki nguo zake zilitolewa sadaka zote, kama ilivyo ada. Mwalimu alikata kipande hiki kabla hazijatoka. Hakumwambia mtu.

"Tangi nalitaka rangi hii," alisema. "Mwenyewe akiiita rangi ya tunda la bungo."

Anataka na kiti cha nyuma. Kipana, na pa kuwekea miguu upande wa kushoto, na kifuniko kizima cha mnyororo ili buibui lisinaswe. Sikuuliza nani atakaa. Nimekitundika kitambaa kwenye msumari wa banda langu hapa uani, mahali ninapoweza kukiona nikiinua kichwa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mutua amechomelea pa kuwekea miguu. Ni jirani, Mkamba, anafanya kazi kwenye matangi ya mafuta. Mkono wake wa kuchomelea ni mzuri kuliko wangu, na anajua.

"Na huyu mama wa kukaa hapa ako wapi?" aliuliza.

Nikamwambia alikufa. Akauzima moto wake wa gesi. Akakaa. Kisha akaikata kazi yote aliyoifanya, akaanza upya, safari hii polepole.

Jumatatu, 21 Oktoba

Joto. Nililala baada ya chakula, juu ya mkeka, kando ya injini iliyofunguliwa. Nikaota mwanamke amekaa upande kwenye fremu isiyokuwa na magurudumu. Hakuwa na haraka. Miguu yake ilikuwa pale pale Mutua alipochomelea. Alikuwa akitazama barabara ya Port Reitz kama mtu anayengoja maji yachemke.

Nilipoamka pistoni ilikuwa mkononi mwangu. Nimefurahi siku nzima bila sababu. Mama ameniuliza kama nina homa.

Jumatano, 30 Oktoba

Rangi. Nimechanganya mara kumi na moja. Manjano, nyekundu kidogo, tone la hudhurungi. Kila mara inatoka kali, inanipigia kelele. Kitambaa hakipigi kelele. Nikaongeza nyeupe. Nikaongeza tena. Mwisho nyeupe ikawa nyingi kuliko zote, ndipo ikafanana. Nimeweka kitambaa juu ya kipande cha bati nilichokipaka, nikarudi nyuma hatua tano, sikuona mpaka.

Nilikaa nikikitazama hadi adhana ya magharibi. Sijawahi kukitazama kitu hivi. Hata mchumba wangu wa zamani sikumtazama hivi, labda ndiyo maana aliondoka.

Jumanne, 5 Novemba

Imenguruma.

Mateke saba, la nane ikashika. Sauti nene, ya taratibu, inayopumzika kati ya pigo na pigo. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Watu wa njiani walisimama. Nilitaka kulia, nikajisingizia moshi.

Tangi limekauka, limetulia, rangi yake ile ile ya kitambaa. Mwalimu nimemwambia aje Jumamosi.

Ijumaa, 8 Novemba

Niandike yote kama yalivyokuwa.

Mama ameniomba wiki nzima aifukize pikipiki udi. Kitu kipya hakitoki nyumbani bila ya kufukizwa, asema. Nguo za bibi harusi hufukizwa, mtoto mchanga hufukizwa, sembuse chombo kitakachobeba mtu? Ningeweza kukataa. Sikutaka. Niliitaka baraka hiyo kuliko yeye.

Tukarudi kutoka swala ya Ijumaa, akaja na chetezo, makaa mekundu, udi mzuri aliokuwa ameuficha sandukuni. Akafanya kama anavyofanya kwa nguo. Akaifunika pikipiki shuka ili moshi usipotee, akakisukuma chetezo chini. Mimi ndiye niliyeshika shuka upande wa pili.

Koki ya petroli ilikuwa ikivuja. Tone moja, kisha baada ya muda jingine. Tangu Jumatano. Nilijua. Nilisema kesho.

Moto haukufanya fujo. Ulipumua tu, mara moja, na shuka likawa halipo. Mutua aliruka ua na karai la mchanga. Tangini palibaki petroli nusu kikombe, la sivyo nisingekuwa naandika. Mama amepoteza nyusi za jicho moja. Tangi limebabuka upande mzima wa kushoto, kiti kimeungua ngozi.

Na kitambaa. Nilikuwa nimekifunga kwenye usukani, kama pambo, ili nacho kifukizwe. Hakuna hata jivu la kushika.

Jumamosi, 9 Novemba

Nilituma salamu kwa Mwalimu asije, kazi bado kidogo. Huo ni uongo wa kwanza.

Mama hajakanyaga bandani. Amepika, ameweka chakula mlangoni, ameondoka. Hajui kwamba kosa ni la koki. Au anajua, ananistahi. Yote mawili yananiuma.

Nimewaza hivi: nipake tangi, nimwambie kitambaa kimepotea sokoni. Au niende mjini nitafute leso inayofanana, nikate kipande upana wa kiganja, nikioshe mpaka kichakae. Nilikaa na wazo hilo asubuhi nzima, nikaona hata duka nitakaloingia. Nimejichukia. Sikuliacha lakini.

Jumapili, 10 Novemba

Sijafanya lolote. Nimerekebisha koki. Dakika nne.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimekwenda. Mwalimu alikuwa barazani kwa dadake, anamenya chungwa. Nilisimama. Nikasema yote, kuanzia koki. Uongo wa Jumamosi pia nikausema. Mama sikumtaja mpaka nilipolazimika, na nilisema shuka nililishika mimi.

Aliweka kisu chini. Uso wake haukukunjamana. Ulizeeka tu, pale pale nikiutazama.

"Mamako hakuungua?"

"Nyusi tu, Mwalimu."

"Alhamdulillahi."

Dada mtu alipita ndani na sinia, akarudi. Kisha Mwalimu akauliza kile kitambaa nilikuwa nacho siku ngapi. Nikahesabu. Ishirini na tisa.

"Mimi nilikitia bahasha kwa kuogopa kukitazama," alisema. "Wewe umekitazama kuliko mimi. Basi kapake unavyokikumbuka. Kama siyo, nitajua."

Hakunikaripia. Ningeona nafuu angenikaripia. Nimerudi njia nzima na hasira za mtu aliyesamehewa nusu.

Alhamisi, 14 Novemba

Tangi nimelikwangua lote, hata upande usioungua. Sitaki kiraka. Kiti nacho nimekivisha ngozi mpya.

Nafumba macho, kitambaa kipo. Nafumbua, kimeenda.

Jumatano, 20 Novemba

Nimechanganya. Manjano, nyekundu, tone la hudhurungi. Nilipofika kwenye nyeupe mkono ulikataa. Nilijua kipimo, nimekiandika ukutani kwa chaki. Nikalishika kopo la nyeupe, nikalirudisha. Rangi ninayoikumbuka haina nyeupe. Sijui imekuwaje. Labda si kitambaa ninachokikumbuka, ni yule mwanamke wa ndotoni na leso aliyoikalia.

Nimepaka. Mutua amesema imekoza kupita ile ya kwanza, na si kidogo. Nikamwambia naona. Akasema ningali na siku za kuirudia. Kweli. Nakaa na kuitazama, na sitaki kuirudia. Huu ni wazimu au ni ufundi, na Jumamosi nitaambiwa.

Jumamosi, 23 Novemba

Alikuja saa tisa, kanzu nyeupe, viatu vya ngozi vya kamba. Mama alijifungia jikoni. Nikaitoa pikipiki juani.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akazunguka mara moja. Akasimama upande wa kushoto, ule ulioungua.

"Sivyo kilivyokuwa kitambaa," alisema.

Nikasema, "Naam, Mwalimu." Nilishaiona karakana, na kengele ya asubuhi.

"Kitambaa kilikuwa kishapauka. Jua, na kufuliwa, miaka mingi. Nami nikasahau." Akaweka kiganja juu ya tangi, akakiacha hapo. "Siku aliyoinunua leso, marehemu alikuja akaifungua mlangoni. Ilikuwa hivi. Hili ndilo bungo lenyewe."

Mutua alikuwa uani kwake, anajifanya anafunga kamba ya nguo.

Kisha Mwalimu akaniuliza mama yuwapi. Nikasema jikoni.

"Mwambie hakumaliza kufukiza."

Nikamwaga petroli yote kwenye debe, nikalipeleka debe kwa Mutua, nikaipuliza mipira ya petroli mpaka ikakauka. Tukaisukuma pikipiki katikati ya uwanja. Mama akatoka, buibui mpaka puani, chetezo mikononi. Hakuna shuka safari hii. Alikizungusha kwa mbali, mkono umenyooka kabisa. Alipofika kwenye kiti cha nyuma akasogea karibu, akakaa hapo na moshi wake muda mrefu kuliko kwingine. Mwalimu aliinamisha kichwa. Mimi nilitazama mawingu.

Tukarudisha petroli. Teke la pili ikashika. Mwalimu aliondoka polepole sana, mgongo wima, kajisogeza mbele kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi.

Jumapili, 1 Desemba

Nafasi ya reli imekwisha jana. Sikwenda. Msimamizi nimemwandikia barua ya shukrani, mistari mitatu.

Banda ni tupu. Pana doa la mafuta chini na matone ya rangi kwenye mchanga. Mama alifagia asubuhi, akaliruka doa, akayaruka na matone.

Mchana nimelala kwenye mkeka. Nikaisikia pikipiki kutoka mbali, upande wa Port Reitz, ikipanda kilima. Gia ya pili Mwalimu anaichelewesha. Akija nitamwonyesha.