Chumvi ya Kando ya Ziwa

Bhoke mjukuu wangu,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Itiryo tu wazima. Bibi yako anapalilia wimbi, na jirani yetu Marwa anakusalimu. Unaniuliza kama nimewahi kulala kambini, kwa kuwa shule yenu inakwenda kulala kando ya ziwa la mlimani. Nimewahi, miaka ya hamsini, na mshtuko wake haujanitoka.

Mimi na Marwa tulikuwa vijana wa kanisa. Lori lilitupandisha Ngorongoro, tukapiga mahema kwenye mierezi, karibu na ziwa dogo. Asubuhi nilitoka hemani nikaduwaa: nyasi zote za kando ya maji zilikuwa nyeupe!

"Marwa, chumvi ya ng'ombe!" nikapiga kelele. Kwetu watu walitembea siku mbili kuitafuta. Tukavua mashati, tukakwangua na kujaza. Hata kuionja sikuionja. Marwa alipoingia upande wangu nilimsukuma, akatumbukia ziwani, na hakujua kuogelea.

Wenzetu walimtoa akiwa wa baridi kabisa. Mungu wangu, nilijua nimeua. Walipomlaza karibu na moto akafumbua macho, meno yakigongana, akauliza, "Chumvi iko wapi?"

Nikafungua shati langu. Lilikuwa limelowa maji tu. Ule ulikuwa umande ulioganda kwa baridi.

Nenda kambini, mama, na blanketi usisahau. Marwa akija kula kwetu hunyoosha mkono na kusema, "Nipe chumvi," huku anacheka. Mimi bado sijaweza kucheka.

Babu yako,
Mwita