Iliki za Samsam

Iftin, Garissa
Machi 1994

Dada Kananu,

Joto halijapungua, lakini mimi ni mzima. Jana jirani yangu Samsam, aliyekimbia vita Somalia, alinikuta nikiponda iliki za somo la kemia. Hakuwa amewasha jiko tangu mumewe auawe. Wanawe hula kwa majirani. Nikamweleza kwamba mbegu ikipondwa, mafuta yake hugeuka mvuke, ndiyo maana tunanusa harufu.

"Mwalimu, zikaange kwanza, itatoka zaidi," akasema, akanipokonya kinu.

Alitupikia chai huku akilia. Nami nililia, dada, mara ya kwanza tangu mniandikie kwamba mmemzika mama bila mimi.

Kisha Samsam akaomba iliki zilizobaki, akaenda kuwapikia wanawe.

Mdogo wako akukumbukaye,
Kagendo